Kukata Maini

Sisi Waswahili mtu akitutamkia neno la kuumiza kupita kiasi tunasema ametukata maini. Moyo ndio unaopendwa na kuimbwa. Ini tumelitengea machungu yale ya ndani kabisa. Nimewahi kulisikia neno hili likitumika kwa uzito wake wote mara moja tu, mwaka 2009, nikiwa na miaka 12, kijijini kwetu Singida, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Ikungi. Aliyelisema ni shangazi yangu. Matanga ya baba mdogo yalikuwa hayajaanuliwa, naye alikuwa amekaa nje ya jiko, vitu vyake vimefungwa kwenye khanga moja, viatu amekwisha vaa. Akanitazama, akasema, "Wamenikata maini, mwanangu." Kisha akaondoka kwenda Itigi, na hakurudi tena kuishi kwetu.

Kosa lake lilikuwa moja: ndiye aliyekuwa akipika. Baba mdogo alikuwa mtu wa nguvu, mchimba visima, hajafika hata miaka 40. Akaanza kulalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Akakonda mikono na mashavu huku tumbo likijaa kama la mama mjamzito. Macho yakawa manjano kama bizari. Hospitali aliyopelekwa walimtoa maji tumboni, wakasema ini limeota uvimbe mkubwa, wakaturudishia mtu wetu. Aliishi wiki 6. Msibani watu wakaanza kunong'onezana, mwanzo kwa woga, mwisho kwa sauti: huyu kalishwa kitu. Na nani alikuwa anamlisha? Shangazi, dada yake, aliyeachika akarudi nyumbani, mpishi wa ule mlenda wa karanga ambao marehemu aliupenda kuliko nyama.

Ndugu msomaji, nimeandika haya kwa sababu, baada ya miaka ya kusoma huku na kule, nimefikia jambo linaloninyima usingizi. Wale wanong'onaji huenda walikosea nusu tu. Kwenye chungu kile huenda kweli kulikuwa na sumu. Ila haikutiwa na shangazi. Na kama kuna mkono wa mtu uliochangia, basi wangu umo. Nitaeleza. Lakini kwanza nieleze historia ya ini lenyewe, maana bila kulijua ini kisa hiki hakieleweki.

*

Waliokata maini kwelikweli, kwa kisu, walikuwa Wamarekani wawili, Higgins na Anderson, mwaka 1931. Walichukua panya weupe, wakawakata theluthi mbili za ini, wakawashona. Ungetegemea panya wafe. Hawakufa. Baada ya siku 7 hadi 10 hivi ini lilikuwa limerudia uzito wake wa mwanzo. Halikuchipua vile vipande vilivyokatwa, hapana. Kilichobaki ndicho kilichokua mpaka kikatosha. Halafu, na hapa ndipo penye ajabu kuliko kukua kwenyewe, likasimama. Halikuzidi.

Binadamu naye yuko hivyo hivyo. Seli za ini, yaani yale matofali hai yaliyolijenga, kwa kawaida zimelala usingizi. Zinafanya kazi zake za kila siku, kusafisha damu, kutengeneza nyongo, kuweka akiba ya sukari, lakini hazizaani. Zikikatwa wenzake, zinaamka. Swali lililowakaa wataalamu kooni kwa miaka mingi lilikuwa hili: nani anaziambia?

Mwaka 1951, Boston, mama mmoja aitwaye Nancy Bucher na wenzake walifanya jambo ambalo mimi nikilisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Waliwashona panya wawili pamoja, ubavu kwa ubavu, damu ya mmoja ikawa inapita kwa mwenzake. Kisha wakamkata ini mmoja tu. Ini la yule wa pili, ambaye hakuguswa kisu, nalo likaanza kuzalisha seli mpya. Maana yake ni kwamba ujumbe ulikuwa ndani ya damu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hii ilikuwa mbiu, ikapigwa kwa jirani na huku ikasikika.

Kuitafuta hiyo mbiu kulichukua zaidi ya miaka 30. Mwaka 1984 Toshikazu Nakamura kule Japani na George Michalopoulos kule Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walikifikia kitu kimoja kinachosafiri katika damu na kuzichochea seli za ini zizaane. Kikapewa jina la kichocheo cha ukuaji wa seli za ini. Leo tunajua haipigwi mbiu moja tu. Ini likiumia, wale askari wake wa ndani hutoa kwanza ujumbe wa kuamsha, mmojawapo ukiitwa intaleukini-6. Mwaka 1996 ilionekana kwamba panya wasio na ujumbe huo ini lao linashindwa kuota sawasawa. Baada ya hapo ndipo kichocheo kile hufika, kikajishika kwenye mlango ulioko juu ya ngozi ya seli. Hakiingii ndani. Kinabisha tu. Mlango ukiguswa, protini iliyo upande wa ndani inamshtua jirani yake, naye anamshtua anayefuata, mpaka habari inafika kwenye kiini ambako DNA imetunzwa, na seli inaanza kujinakili ili iwe mbili. Ziko pia mbiu za kusimamisha, za kusema basi, imetosha, laleni.

Sasa sikiliza kituko cha mlango huo. Mwaka ule ule wa 1984 watu wengine kabisa, waliokuwa hawana habari na panya wa akina Higgins, walikuwa wakitafuta jeni za saratani. Wakaikuta moja katika seli zilizoharibiwa makusudi kwa kemikali, wakaiita MET. Ilikuwa jeni ya protini fulani ya juu ya seli, lakini hakuna aliyejua kazi yake halali ni ipi. Ilikuwa kama kukamata mwizi usijue kwao wapi. Mwaka 1991 ndipo ilipojulikana: MET ndiyo mlango wa kile kichocheo cha ini. Wale waliokuwa wakitafuta namna ini linavyojiponya na wale waliokuwa wakitafuta namna saratani inavyoanza walikuwa wamesimama kwenye kizingiti kimoja, huyu ana ufunguo, yule ana kitasa.

Hilo ndilo ningependa vijana wenzangu walishike. Saratani ya ini haileti lugha yake mpya. Inatumia maneno yale yale ambayo ini linayatumia kujiponya: amka, jinakili, ongezeka. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba protini moja iitwayo YAP ikiachwa wazi bila kufungwa, ini la panya linavimba mpaka karibu mara nne ya kawaida. Ukiizima mapema, ini linasinyaa kurudi lilivyokuwa. Ukichelewa, panya anaota uvimbe wa saratani. Tofauti ya kupona na kuugua hapo ni kwamba aliyepiga mbiu amesahau kunyamaza.

*

Sasa tuhame kidogo tuje kwenye karanga, na nitaanzia jirani.

Wazee wa Kanda ya Kati wanaijua Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta, wakaamua mwaka 1947 kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, umekula takriban pauni milioni 36, umeacha vyuma chakavu na hadithi za kuchekesha. Udongo wa Kongwa ukikauka ni jiwe, na mvua haikuwa imesaini mkataba na mtu. Lakini hamu ya karanga haikufa na mradi. Uingereza iliendelea kuzinunua kwingineko, mafuta yakaenda kwa watu na mashudu yakaenda kwa mifugo.

Mwaka 1960 bata mzinga wakaanza kufa mashambani Uingereza. Zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache, wakipasuliwa maini yao yameoza. Hawakujua ni ugonjwa gani, wakauita tu ugonjwa X. Ufuatiliaji ukawafikisha kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ila kuvu yenyewe, huo ukungu wa rangi ya kijani tunaoufahamu sote, ilitambuliwa mwaka 1961 kutoka kwenye karanga za kwetu huku, za Uganda, zilizokuwa na sumu kali. Jina lake Aspergillus flavus. Herufi ya kwanza ya jina hilo na tatu za mwanzo za la pili zikaungwa na neno la sumu, tukapata aflatoksini. Kwa Kiswahili chetu cha sasa tunasema sumukuvu, na mimi nadhani ni tafsiri nzuri kuliko jina la asili.

Basi ikawa swali: kama inaua bata, inafanya nini kwa watu? Na jibu lilitafutwa hapa hapa Afrika Mashariki, jambo ambalo shuleni sikuwahi kuambiwa. Mwaka 1966 na 1967 zilikusanywa sampuli 480 za vyakula vya watu wa kawaida Uganda, karanga, maharage, mahindi, mtama, na karibu asilimia 30 zikakutwa na sumukuvu. Taarifa yao ilitoka 1971, ikionyesha kwamba kama kule Karamoja, ambako sumu ilikuwa nyingi zaidi, saratani ya ini nayo ilikuwa nyingi. Mwaka 1973 Peers na Linsell wakatoa ya Murang'a, Kenya. Hawa walipima chakula chenyewe kilichoko mezani, wakilinganisha watu wa chini kwenye joto, wa katikati na wa juu mlimani. Kadiri ulivyoteremka ndivyo sumu ilivyozidi kwenye sahani, na ndivyo wagonjwa wa saratani ya ini walivyozidi.

Sumu hii ikiwa nyingi mno haisubiri saratani. Mwaka 1981 wilayani Machakos watu 20 waliokula mahindi yaliyovunda walilazwa, 12 wakafa. Mbwa waliokula chakula hicho nao walikufa. Mwaka 2004 Kenya ikapata tena: wagonjwa 317, vifo 125. Lakini ikiwa kidogo kidogo, kila siku, kwenye mboga, kwa miaka 20 au 30, huoni mtu akianguka. Unaona baba mdogo anachimba kisima.

*

Inafanyaje kazi? Hapa nitakwenda taratibu, maana ndipo karanga na ile mbiu vinapokutana.

Ini ni mfagizi wa mwili. Kila kigeni kinachoingia tumboni kinapitishwa kwake akibadilishe ili kitoke na mkojo au nyongo. Sumukuvu ikifika, vimeng'enya vya ini vinaishika viigeuze. Na hapo linatokea balaa: katika kuigeuza, vinaifanya kuwa kali kuliko ilivyokuja. Sumu hiyo mpya inajibandika kwenye DNA ya seli ile ile iliyokuwa ikijaribu kusafisha. Ini linajitia sumu kwa uaminifu wake wa kazi.

Mara nyingi jeraha hilo hutengenezwa. Lakini seli ikiambiwa ijinakili kabla ya fundi kumaliza, inanakili pamoja na kosa. Mwaka 1991, mwaka ule ule wa kitasa na ufunguo, zilitoka taarifa mbili zilizowashtua watu. Moja ilitoka kwa wagonjwa wa Qidong, China, nyingine kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Zote mbili ni sehemu zenye sumukuvu nyingi. Watafiti waliitazama jeni ya p53, ambayo ni mlinzi wa lango: ikiona DNA imeharibika, inaizuia seli kuzaana, au inaiamuru ife. Protini yake ina viungo 393 vilivyopangwa kama shanga. Katika uvimbe 16 wa Qidong, 8 ulikuwa na kosa mahali pamoja tu, shanga ya 249, herufi moja ya DNA ikiwa imebadilika, karibu wote kutoka G kuwa T. Kusini mwa Afrika wakakuta mahali pale pale. Ni kama mwizi anayevunja nyumba mbalimbali lakini kila mara anatoboa tofali lile lile. Seli yenye kosa hilo haina tena mlinzi. Mbiu ya kuzaana ikipigwa inaitikia, na ya kusimama ikipigwa haina wa kuisikia.

Na mbiu ya kuzaana inapigwa na nani, kama hakuna aliyekata ini kwa kisu? Mara nyingi inapigwa na virusi vya homa ya ini B. Baruch Blumberg alitoa taarifa ya alama ya virusi hivi katika damu mwaka 1965, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mtoto anayeambukizwa kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, au utotoni, anaweza kuishi navyo miaka 30 bila hata kuumwa kichwa. Virusi vyenyewe haviiui sana seli. Askari wa mwili ndio wanaoziua seli zilizoingiliwa, na ini, kwa tabia yake njema, linaota nyingine. Zinauawa, linaota. Mwaka baada ya mwaka. Panya wa Higgins alikatwa ini mara moja akapona. Huyu anakatwa kila siku, kidogo kidogo, na kila kuota ni kunakili, na kila kunakili ni nafasi ya kukosea. Sasa umuongezee sumukuvu inayochafua maandishi yenyewe.

Utafiti mmoja wa Shanghai, uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000, ulitoa hesabu yake mwaka 1994. Mwenye dalili za sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 kuliko asiye na chochote. Mwenye virusi vya B peke yake, mara 7.3. Mwenye vyote viwili, mara 59.4. Nilidhani wamekosea nukta, nikarudia kusoma.

*

Turudi Singida.

Mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri matokeo, ndipo redio ikaanza kutangaza ugonjwa usiojulikana Chemba, huko Dodoma, mpakani na sisi. Tumbo, macho ya manjano, watoto wanakufa. Ulienea mpaka Manyara. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 68 na vifo 20, wengi wao watoto, na chanzo kikathibitishwa: sumukuvu kwenye mahindi. Bibi yangu aliposikia "macho ya manjano" aliinuka akaizima redio. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema.

Mwaka uliofuata, 2017, ukatoka utafiti wa alizeti. Sasa alizeti kwetu ni kila kitu, ni ada ya shule, ni bati la nyumba, na yale mafuta yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara kuu. Watafiti walipita kwa wakamuaji wadogo wadogo katika mikoa kadhaa ya nchi. Mbegu za Singida za mwaka 2014 zilikuwa na sumukuvu kuanzia 1.4 mpaka 261.8, na za 2015 kuanzia 1.6 mpaka 217.6, kwa kipimo cha nanogramu katika gramu moja. Kwa mahindi na karanga, kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni 10. Nafuu iliyopo ni kwamba wakati wa kukamua sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye mashudu badala ya kwenda na mafuta. Na mashudu tunampa nani? Ng'ombe na kuku. Sawa na Waingereza mwaka 1960. Ng'ombe naye akiila, sehemu yake inarudi kwenye maziwa ikiwa na sura nyingine.

Kuhusu karanga, sihitaji mtafiti. Kazi ya kubangua karanga za shangazi ilikuwa yetu watoto, na ganda kavu la karanga linachubua vidole mpaka damu. Basi tulikuwa na ujanja, sijui nani alitufundisha, labda kila mtoto wa kule anazaliwa nao: unazimwagia maji, unazifunika na gunia usiku kucha, asubuhi ganda limelainika, unabonyeza tu. Tukimaliza, karanga zenye maji zinarudi guniani. Joto, unyevu na giza. Kuvu ikiombewa dua haipati zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwaga maji. Nilisifiwa kwa wepesi wa vidole.

Halafu karanga zinachambuliwa. Nzuri, nono, zenye ngozi nyekundu, zinapimwa kwa debe zinakwenda mnadani. Zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, haziuziki, kwa hiyo hazitupwi. Zinapondwa kwenye kinu, zinatiwa kwenye mlenda. Tunamuuzia mgeni afya, tunajipikia makapi. Na moto wa jikoni hausaidii kitu, maana sumukuvu haiungui kwa kuchemshwa. Shangazi alikuwa anachuja, anaonja, akikuta uchungu anaongeza chumvi.

Kwa hiyo walionong'ona walikuwa na haki ya kukitazama chungu. Walichokosea ni kumtafutia sumu mwenyewe. Sisi sote tulikula pale. Shangazi alikula pale, na zaidi yetu, kwa sababu mpishi hukwangua. Kwa nini baba mdogo na si yeye? Damu ya baba mdogo haikupimwa homa ya ini B, na sasa imekuwa udongo. Mimi naamini alikuwa nayo, lakini kuamini si kupima, na nisingependa nami niwe mnong'onaji mwingine kwenye msiba ule.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto wa Tanzania mwaka 2002. Mimi nilizaliwa 1997. Mdogo wangu wa mwisho, aliyezaliwa 2004, anayo. Mimi nilipitwa kwa miaka mitano. Mwaka jana nilijikaza nikaenda kupima. Siku zile mbili za kusubiri majibu nilikuwa najipapasa chini ya mbavu za kulia kama mwanamke anayetafuta mtoto. Majibu yalikuwa mazuri. Nikalipia sindano tatu za chanjo, ya kwanza siku ile, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita.

Kati ya sindano ya pili na ya tatu nilikwenda Itigi. Shangazi amezeeka, macho yake meupe, safi, na bado ana ulimi. Nilimkuta uani na ungo wa karanga. Nikamwamkia, akaniuliza habari za nyumbani mmoja mmoja, akiwaruka wale aliotaka kuwaruka. Nikamweleza yote haya, kwa lugha nyepesi kuliko hii: ini, mbiu, ukungu, bata wa Waingereza. Nikamweleza na maji yangu. Hakulia, wala hakunikumbatia kama nilivyokuwa nimejiandalia njiani kwenye basi. Aliendelea kuchambua. Nono upande huu, zilizosinyaa upande ule. Baadaye sana akasema, "Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unazilowesha. Na mie nilikuwa nazishangaa zinavyotoka nzima nzima."

Akacheka kidogo. Kisha akazikusanya zile mbovu kwenye kiganja, zikajaa. Mvua Itigi mwaka huo ilikuwa imekatika Februari.

"Na hizi sasa," akaniuliza, "nimpe nani?"